Nani Ameshika Mashine ya Ukaguzi

Huku Kizuka na katika pwani yote ya Rumonge, nchini Burundi, mwisho wa mwezi ni wakati wa vituo vya afya kujumlisha madaftari: wagonjwa wangapi wamepatikana na malaria, watoto wangapi wamechanjwa, wajawazito wangapi wamepimwa, na kipindupindu kinaporudi kando ya ziwa, wangapi wamelazwa. Hesabu hizo hupelekwa wilaya ya afya na kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara yetu pamoja na wizara za nchi nyingine zaidi ya 70. DHIS2 haiuzwi. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, vikundi vya mtandao wa HISP vya Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko vinashiriki kuiendeleza na kuisimika, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuunakili. Kabla toleo jipya halijamfikia karani wa takwimu mjini Rumonge, msimbo huo hujengwa na kupimwa na mashine, na kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa Jenkins, programu nyingine ya chanzo huria. Jenkins nayo ilipata jina lake kwa kura: Januari 2011, watu 214 katika jumuiya yake walikubali kuachana na jina la zamani, 14 wakakataa. Kura ile ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana inatuhusu kuliko inavyodhaniwa, na ndiyo kumbukumbu ninayotaka kuifungua hapa, kwa sababu naona tumejifunza nusu tu ya somo lake. Tumejifunza kwamba msimbo ulio wazi haufungiki. Hatujajifunza kwamba mradi wenyewe unaweza kufungwa hata msimbo ukiwa wazi kabisa, iwapo jina, anwani na mashine ya kukagua kazi viko mkononi mwa mwingine.

Tuanze na mashine hiyo. Programu kubwa huandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja hugusa sehemu inayotegemewa na mwenzake. Desturi ya zamani ilikuwa kila mtu kuandika sehemu yake kwa majuma au miezi, kisha ukatengwa muda wa kuunganisha, na hapo ndipo vipande vilipoonekana kutopatana, wakati ambapo hakuna aliyekumbuka vizuri alibadilisha nini na kwa nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kent Beck na wenzake walishikilia kinyume chake: unganisheni kila siku, hata mara kadhaa kwa siku, na kila mnapounganisha pimeni yote upya. Mwaka 2000 Martin Fowler na Matthew Foemmel waliieleza desturi hiyo katika makala iliyosomwa sana, na mwaka uliofuata kampuni ya ThoughtWorks ikatoa CruiseControl, programu ya kuifanya kazi hiyo bila mtu kusimama juu yake. Huo ndio uunganishaji endelevu. Mtu akileta badiliko kwenye ghala la msimbo, mashine huchukua nakala, huijenga programu kuanzia mwanzo, huendesha majaribio yote yaliyoandikwa, kisha hutoa jibu ndani ya dakika chache: limepita, au limevunja kitu fulani mahali fulani. Likipita, mara nyingi mashine hiyohiyo ndiyo inayofunga toleo jipya, kulitia saini na kulipeleka kwa watumiaji. Kwa hiyo ni zaidi ya chombo cha kupimia. Ndiyo mlango ambao kazi yote ya mradi hupitia kutoka nje, na anayeushika anaweza kuamua kipi kitoke na kwa jina la nani.

Kohsuke Kawaguchi, mhandisi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Sun Microsystems huko California, alianza kuandika mashine yake mwaka 2004. Sababu yake ilikuwa ndogo na ya kibinadamu: alichoka kulaumiwa na wenzake kila msimbo wake ulipovunja kazi ya timu, akataka kompyuta imwambie kabla hajaambiwa na watu. Aliiita Hudson, akaitoa mwaka 2005 kupitia java.net, tovuti ya Sun ya miradi huria. Ilienea haraka kwa sababu mbili. Kwanza, CruiseControl ilihitaji mafaili marefu ya maelekezo ya kuandikwa kwa mkono, ilhali Hudson ilikuwa faili moja tu unaloliwasha na kuanza kulielekeza kwa kubofya. Pili, Kawaguchi aliijenga ili wengine waiongezee programu-jalizi, yaani vipande vya nyongeza, bila kumwomba ruhusa kila mara, na aliyeleta kazi nzuri alipewa funguo upesi. Kufikia mwaka 2008 ilikuwa imeshinda tuzo ya Duke's Choice katika mkutano wa JavaOne, na watu wengi walioitumia walikuwa wameisahau CruiseControl. Lakini hapo palikuwa na jambo ambalo wakati wa neema hakuna aliyelitazama. Ghala la msimbo, orodha za barua pepe na mfumo wa kuripoti makosa vilikaa kwenye mashine za Sun, na Kawaguchi mwenyewe alilipwa mshahara na Sun. Kampuni ilikuwa karimu, kwa hiyo swali la nani mwenye nyumba halikuulizwa.

Januari 2010 Oracle ilikamilisha kuinunua Sun. Miezi michache baadaye Kawaguchi aliondoka, akaanzisha kampuni yake ndogo, na kufikia mwisho wa mwaka akajiunga na kampuni ya CloudBees. Mwezi Novemba, java.net ilipokuwa ikihamishiwa mitambo mipya, watengenezaji wa Hudson walijikuta wamefungiwa nje ya ghala na orodha zao za barua pepe. Walipopendekeza kuhamia GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo, na kupeleka mazungumzo mahali pengine, jibu la Oracle lilikuwa na sehemu mbili, na inafaa kuzitazama zote mbili kwa haki. Sehemu ya kwanza: msimbo ni huria, hatuwezi kumzuia mtu kuunakili. Sehemu ya pili: jina Hudson ni letu, nakala yenu haiwezi kulitumia. Kisheria, kwa ninavyoelewa, hakuna lililokuwa geni katika jibu hilo. Leseni ya MIT, ambayo Hudson ilitolewa chini yake, inamruhusu mtu kuuchukua msimbo wote na kuufanyia apendalo, na haisemi chochote juu ya jina, anwani, wala mashine ambazo kazi hufanyiwa. Mazungumzo ya Desemba hayakufika popote. Tarehe 11 Januari 2011 mmoja wa watengenezaji, Andrew Bayer, akatangaza pendekezo la kubadilisha jina, na mwisho wa mwezi kura zikahesabiwa. Oracle ikasema itaendelea na Hudson, ikawa na kampuni ya Sonatype upande wake, na ikaiita Jenkins nakala iliyojitenga.

Wasomaji wa Rumonge hawahitaji kuelezwa kwa kirefu tofauti ya kulijua shamba na kuwa na haki inayotambuliwa juu yake. Walioikimbia pwani hii wakati wa mauaji ya mwaka 1972 na kurudi miaka mingi baadaye wakitokea Tanzania waliweza kuonyesha mahali ambapo wazazi wao walilima, lakini walikuta ardhi imegawiwa wengine na michikichi imepandwa kwa utaratibu mwingine, na tangu mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ilihangaika na kesi hizo bila kumridhisha kila mtu, kwa sababu pande zote zilikuwa na jambo la kweli la kusema. Ninataja hilo kwa uzito wake. Kumbukumbu ya kazi uliyoifanya na haki inayotambulika juu ya mahali ulipoifanyia ni vitu viwili, na vinaweza kukaa mbalimbali kwa miaka mingi bila mtu kugundua, mpaka siku mwenye mamlaka anapobadilika. Kwa Hudson, siku hiyo ilikuwa Novemba 2010. Kilichowaokoa watengenezaji ni kwamba, tofauti na ardhi, msimbo unaweza kubebwa wote bila kumnyang'anya mtu. Yale mengine, ambayo hayanakiliki, walilazimika kuyajenga upya.

Na kuyajenga upya kulikuwa kazi kubwa kuliko kura yenyewe. Chukua mfano wa anwani ya masasisho. Kila mashine ya Hudson iliyosimikwa ulimwenguni ilikuwa na anwani ndani yake ya mahali pa kuuliza: kuna toleo jipya? kuna programu-jalizi mpya? Mwenye anwani hiyo ndiye anayeamua mashine hizo zinapokea nini, hata kama msimbo wote umenakiliwa mara elfu. Kwa hiyo jumuiya ya Jenkins ilipaswa kuwa na kituo chake cha masasisho na vifurushi vyake vya kusimika, kisha kuwaomba watumiaji, mmoja mmoja, wahame. Ilipaswa pia kuwa na funguo zake za kutia saini matoleo. Iliweka mikutano ya uongozi iliyofanyika hadharani, ambapo mtu yeyote angeweza kusoma kilichosemwa. Na jina jipya halikupewa kampuni, hata ile iliyomwajiri Kawaguchi. Lilisajiliwa chini ya Software in the Public Interest, shirika lisilo la faida linaloshikilia mali za miradi huria kwa niaba ya wenyewe. Hapo ndipo naona somo kamili. Watu wale hawakuhama tu kutoka kwa mwenye nyumba mkali kwenda kwa mpole. Walipanga ili mwenye nyumba, awe mpole au mkali, asiwe na vitu vyote kwa pamoja.

Ushahidi wa kilichofuata hauna utata mwingi. Mei 2011, miezi mitatu baada ya kura, Oracle ilitangaza nia ya kuikabidhi Hudson kwa taasisi ya Eclipse Foundation, hatua ambayo kama ingekuja mwaka mmoja kabla huenda isingekuwepo kura yoyote. Kufikia Desemba 2013 kundi la Jenkins kwenye GitHub lilikuwa na wanachama 567 na maghala ya wazi yapatayo 1,100, ilhali la Hudson lilikuwa na wanachama 32 na maghala 17. Hudson ilikuwa na jina linalojulikana, kampuni tajiri nyuma yake, na baadaye taasisi ya heshima. Haikuwa na watu. Kufikia 2017 haikutunzwa tena. Jenkins nayo inatoa toleo jipya kila juma, ina programu-jalizi zaidi ya 1,800, na mwaka 2019 ilikuwa miongoni mwa miradi minne iliyoanzisha Continuous Delivery Foundation chini ya Linux Foundation.

Pingamizi la kwanza ni zito, na limesemwa na watu wanaoijua Jenkins vizuri. Wanasema: jumuiya gani hiyo? Baada ya 2011 kazi nyingi ya msingi ilifanywa na waajiriwa wa CloudBees, kampuni inayouza bidhaa zilizojengwa juu ya Jenkins, na Kawaguchi mwenyewe akawa mkuu wake wa teknolojia. Kwa hiyo kilichotokea ni kampuni moja kurithi nyingine, na kura 214 ni pambo. Nakubali nusu ya kwanza. Mradi mkubwa hauendeshwi kwa jioni za watu wa kujitolea peke yao. Usalama, majaribio na seva vinahitaji mtu anayelipwa, na fedha hutoka mahali penye biashara. Lakini hoja yangu haikuwa kwamba fedha zisitoke kwa kampuni. Hoja ni kwamba anayelipa mishahara asiwe ndiye anayeshika jina, anwani na funguo. Jaribio la hilo lilikuja taratibu, bila ugomvi. Mwishoni mwa 2019 Jenkins ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa bodi ya uongozi, na Januari 2020 Kawaguchi, mwanzilishi, alijiondoa kwenye uongozi na kwenda kuanzisha kampuni nyingine. Matoleo ya kila juma hayakukatika. Mwaka 2010 kuondoka kwa mtu huyohuyo kutoka kampuni moja kuliutikisa mradi mzima ndani ya miezi saba. Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ambapo mali za mradi zilikuwa zimewekwa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: jumuiya inaweza kujiumiza yenyewe bila msaada wa kampuni yoyote. Na imewahi kujiumiza. Novemba 2013 mtengenezaji mmoja wa Jenkins, bila nia mbaya, alisukuma nakala za zamani juu ya maghala zaidi ya 180 kwa mkupuo mmoja, akafuta historia ya kazi ya karibuni ya watu wengi. Kosa hilo liliwezekana kwa sababu ya ukarimu uleule ulioifanya Hudson ikue: karibu kila mwanachama alikuwa na ruhusa ya kuandika karibu kila mahali. Kazi iliokolewa, kwa sehemu kwa sababu nakala zilikuwepo kwenye kompyuta za watengenezaji wenyewe, na kwa sehemu kwa sababu wafanyakazi wa GitHub walisaidia kuyarejesha yaliyofutwa. Kuna pia ugonjwa wa polepole: programu-jalizi ambazo aliyeziandika amehamia kazi nyingine, zinaendelea kutumiwa na maelfu, na hakuna anayejibu makosa yanayoripotiwa, mpaka mradi ukaanzisha utaratibu wa kuzitangaza ili apatikane mtu wa kuzilea. Sitaki kulipita hili haraka, kwa sababu sisi wa nchi ndogo tunapenda neno jumuiya kana kwamba linatibu kila kitu. Halitibu uzembe wala ukosefu wa wakati. Ninachosema ni kwamba makosa haya yalionekana, yakajadiliwa mbele ya kila mtu, na wahusika walikuwa na uwezo wa kuyarekebisha kwa sababu funguo zilikuwa zao. Aliyefungiwa nje hana hata nafasi ya kukosea.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolisikia zaidi kwa vijana wanaoandika programu Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam: zama za kuendesha seva ya ukaguzi zimepita, huduma za mtandaoni zinafanya kazi hiyo bure. Ni kweli kwamba zinafanya, na ni kweli kwamba kwa mradi mdogo ni ujinga kukataa. Lakini tuitazame Travis CI, iliyozaliwa Berlin mwaka 2011, mwaka uleule wa kura ya Jenkins. Msimbo wake nao ulikuwa wazi. Kwa miaka mingi miradi huria isiyohesabika iliitegemea bila kulipa senti. Januari 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Idera, mwezi uliofuata wahandisi wake wengi wakaachishwa kazi, mwishoni mwa 2020 masharti ya bure yakabanwa, na Juni 2021 huduma ya travis-ci.org ikazimwa. Hakuna aliyenyang'anywa msimbo. Kila mradi uliachwa na kazi yake yote isipokuwa mahali pa kuipimia, na wengi wakakimbilia GitHub Actions, huduma ya kampuni nyingine, iliyofunguliwa kwa wote Novemba 2019. Mwaka huohuo, mwezi Julai, GitHub ilizibana akaunti za watu wa Iran, Syria na Krimea ili kutii sheria za vikwazo za Marekani, na Wairani walisubiri hadi Januari 2021 kufunguliwa kikamilifu. Vikwazo vya Marekani juu ya Burundi, vilivyowekwa Novemba 2015 na kuondolewa Novemba 2021, vililenga watu mahsusi na havikugusa huduma hizo. Hata hivyo mwandishi wa programu wa Tehran hakuwa ameshauriwa kuhusu vikwazo vyake, na wa Rumonge hangeshauriwa kuhusu vyake.

Naleta mfano wa karibu zaidi. OpenMRS, mfumo huria wa majalada ya wagonjwa, ulibuniwa mwaka 2004 baada ya Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, kuona mzigo wa kliniki za virusi vya UKIMWI huko Eldoret, Kenya. Mwaka 2006 ulisimikwa Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda. Leo watengenezaji wa Uganda, Kenya na Rwanda ni miongoni mwa nguzo zake, na nchi hizo zina matoleo yao yaliyojengwa juu yake. Huu ni mradi wetu kwa maana halisi. Lakini kwa miaka mingi mashine yake ya ukaguzi imekuwa Bamboo ya Atlassian, kampuni ya Australia, bidhaa isiyo huria ambayo miradi huria iliruhusiwa kuitumia bila malipo. Ruhusa hiyo ilikuwa wema, na nauheshimu. Atlassian ilipoacha kuyahudumia matoleo yake ya seva mwezi Februari 2024, kila aliyekuwa juu ya matoleo hayo alipaswa kuhama au kutafuta leseni ya aina nyingine, kwa ratiba iliyopangwa na Atlassian. DHIS2 iko mahali pazuri zaidi, kwa kuwa maelekezo yake ya ukaguzi yameandikwa kwenye mafaili ya Jenkins yaliyowekwa pamoja na msimbo, ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Tangu Jenkins 2.0 ilipotoka Aprili 2016, desturi hiyo ya kuweka njia ya kupimia ndani ya ghala lilelile la msimbo imekuwa ya kawaida, na naiona kuwa ulinzi mkubwa kuliko leseni nyingi. Anayenakili msimbo hunakili pia namna ya kujua kama msimbo ni mzima. Bila hiyo, nakala ya DHIS2 mkononi mwa wizara ni mistari mingi mno ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, kwa kuwa hawezi kujua ameharibu nini.

Hapo linakuja pingamizi la mwisho, la watu wa kwetu wenye busara. Umeme hukatika, mafuta ya jenereta hayapatikani, intaneti ni ghali. Kituo cha afya kinachojaza takwimu kwa kalamu kina shida kubwa kuliko kujua seva ya ukaguzi iko Oslo au Bujumbura. Zaidi ya hayo, Waoslo hawajatufanyia ubaya wowote. Yote ni kweli. Sun nayo haikuwafanyia watu wa Hudson ubaya wowote kwa miaka mitano. Anayepanga kwa kutegemea tabia njema ya mwenzake anapaswa kupanga pia kwa siku ambayo huyo mwenzake atanunuliwa, atafilisika au atakosa mfadhili, na miaka hii ambayo fedha za misaada ya afya zimepunguzwa ghafla imetuonyesha kwamba siku hiyo si ya kufikirika. Wala sidai seva isimikwe Kizuka. Nadai vitu ambavyo vinaandikwa kwenye karatasi ya mkataba wakati programu ya umma inapotengenezwa: jina na anwani ya mfumo visajiliwe kwa taasisi ya nchi wala si kwa mkandarasi, maelekezo ya kujenga na kupima yakae pamoja na msimbo, na angalau watu wawili walioajiriwa hapa wawe na funguo za kutoa toleo, na wawe wamewahi kulitoa.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolijali zaidi. Kukosekana kwa mafunzo si tatizo letu kuu. Warundi wamefunzwa kuingiza takwimu, kuchora ramani, kutengeneza ripoti, hata kusanidi mfumo mzima. Wanachokabidhiwa kwa nadra ni ule mlango wa mwisho, kazi ya kusema badiliko hili lipite na lile lirudi, kwa sababu inaonekana ni ya kiufundi mno na makosa yake yanaogofya. Lakini ujuzi huo haupatikani kwa semina. Watu wa Jenkins waliupata kwa kupewa funguo mapema na kukosea hadharani, pamoja na lile kosa la maghala 180. DHIS2 inaruhusu kila nchi kuandika programu-nyongeza zake, na hizo ndizo mahali pa kuanzia: zikikosewa, mfumo mkuu hauanguki. Idara ya takwimu ya wizara na Chuo Kikuu cha Burundi vikishirikiana kuendesha Jenkins kwa ajili ya programu-nyongeza hizo, kinachohitajika ni seva moja ya kawaida na betri ya kuibeba umeme unapokatika, kwani kazi iliyokatizwa huanzishwa upya umeme ukirudi. Toleo la Jenkins la msaada wa muda mrefu hutoka kila baada ya majuma 12, kwa hiyo masasisho makubwa ni manne au matano kwa mwaka, pamoja na marekebisho ya usalama yanapotangazwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaiweza kazi hiyo, na karani wa Rumonge anayekuta jumla ya malaria haitoki sawa atakuwa na mtu wa kumpigia simu mchana uleule, kwa Kirundi au kwa Kiswahili.